Sera ya kiotomatiki haizimi seva yako

Kaa na mafundi wa TEHAMA wa Tanga, utaisikia: ukiiachia programu isimamie kanzidata ya usanidi, yaani daftari la seva, swichi za mtandao na mifumo ya ofisi na jinsi inavyotegemeana, ipo siku utakuta kila kitu kimefutwa. Hofu hiyo ni ya siku nyingi, lakini haina msingi.

Rekodi si kifaa. Futa rekodi ya swichi, swichi yenyewe itaendelea kuwakawaka taa kabatini. Na kufuta ni hatua moja tu. Programu ya ServiceNow, kwa mfano, ina sera (kanuni zinazojiendesha zenyewe) tofauti za kuthibitisha kama kitu bado kipo, kukistaafisha, kuhamishia rekodi kwenye hifadhi, na kufuta. Tuseme umeweka kwamba seva isiyoonekana mtandaoni kwa siku 90 ihojiwe: kikundi kinachoisimamia kinatumiwa kazi ya kujibu, ipo au haipo? Binadamu bado ana kauli.

Hatari ya kweli iko kwenye masharti ya sera. Ukitazama tarehe ya mwisho ya kuonekana peke yake, tawi la Pangani lililokatikiwa mtandao litahesabiwa limekufa, na vifaa vyake vinafanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo ongeza sharti la pili, na vifaa nyeti viweke kwenye orodha ya visivyoguswa.

Kutofuta kabisa nako kuna gharama: unapanga kuzima seva usiku, orodha ya vitakavyoathirika inakuletea mashine zilizokwishauzwa chuma chakavu.