Usipime kitambaa, tazama mgongo

Mama mmoja alifika kwenye meza yetu ya maonyesho akiwa amekifunga kitabu cha katuni ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka majirani wakione. Alikikuta chini ya godoro la mwanawe wa kidato cha pili. Kilikuwa kitabu cha Kimarekani, cha mtumba, kurasa zimeanza kulegea. Akakiweka mbele yangu, akamgonga kwa kidole shujaa wa kike wa jaladani: "Mwalimu, hii nayo ni nguo?"

Sisi tunaofundisha uchoraji na usomaji wa picha swali hilo tunaulizwa kila tunapokutana na wazazi, na karibu kila mara linakuja hivyohivyo. Watu wanapima kitambaa: kimefika wapi, kimebana kiasi gani, kimeacha nini nje. Nawaelewa. Lakini kitambaa ni shahidi mbaya. Muogeleaji wa Olimpiki amevaa kidogo kuliko mashujaa wengi wa kike wa katuni, na ukimtazama unamwona mtu aliye kazini. Tena yupo shujaa wa kuchorwa aliyefunikwa kuanzia vidole vya miguu hadi shingoni, na bado mchoraji wake amemvua nguo kwa penseli.

Huyo ni Spider-Woman wa mwaka 2014. Marvel, kampuni kubwa ya katuni ya Marekani, ilikuwa inauanzisha upya mfululizo wake, na pamoja na jalada la kawaida ikaagiza jalada la ziada kwa Milo Manara, Mwitaliano mwenye mkono hodari kwelikweli, aliyejijengea jina kwa katuni za mapenzi za watu wazima. Mwezi wa Agosti jalada lilipoonyeshwa hadharani, zogo likaanza. Kwenye picha, shujaa anatambaa juu ya paa la ghorofa. Suti yake nyekundu imefunika mwili mzima, na uso una kinyago. Ukipima kitambaa, amepita mtihani. Sasa acha kitambaa, utazame suti yenyewe: haina kunyanzi pale ambapo nguo yoyote ya binadamu ingekunjamana. Imeingia kwenye kila bonde la mwili kama rangi iliyopakwa juu ya ngozi. Kichwa na kifua viko chini, makalio yameinuliwa juu. Adui hayupo. Hakuna anachokimbilia wala anachokikwepa. Mkao wote una mlengwa mmoja, naye ni wewe uliyeshika kitabu.

Waliomtetea Manara walisema Spider-Man naye hutambaa na kujikunja hivyo tangu zamani. Hoja hiyo si ya kupuuza, maana ni kweli hujikunja. Lakini mchukue Spider-Man yeyote aliyechutama juu ya ukuta uulize uzito wake uko wapi. Utauona kwenye nyayo na vidole. Anajiandaa kuruka, na jicho lako linakwenda upande anakotaka kurukia. Kwa Spider-Woman yule jicho linapanda makalioni na kukwama hapo. Mhariri mkuu wa Marvel aliomba radhi kwa ujumbe uliochanganya watu, na mwaka uliofuata mhusika akapewa vazi jipya lililobuniwa na Kris Anka: jaketi, suruali na miwani.

Kwa hiyo tunapofundisha vijana, tunaanzia mgongoni. Uti wa mgongo wa binadamu una mipaka yake. Sehemu ya kiunoni hukunjika vizuri mbele na nyuma, lakini kujizungusha inaweza kidogo tu. Mzunguko mwingi hutoka kifuani na shingoni. Sasa katuni za mashujaa zina mkao mmoja maarufu ambao mwanamke anaonyesha kifua na makalio kwa msomaji kwa wakati mmoja. Kuupata mkao huo inabidi kiuno kizungushwe kama shingo ya bundi. Mwenye mgongo huo hapigani na jambazi, anasubiri gari la wagonjwa. Na huwezi kusema mchoraji hajui maumbile ya mwili, kwa sababu mwanamume aliyemchora kwenye ukurasa huohuo ana mgongo mzima.

Mwishoni mwa mwaka 2012 wachoraji kadhaa mtandaoni walipata njia ya kuchekesha ya kulionyesha hili. Walichukua picha za mashujaa wa kike, wakaacha mkao uleule, ila badala ya mwanamke wakamchora Hawkeye, yule mpiga mishale wa Marvel. Ghafla jitu lenye misuli limebinua nyonga, limeuma kidole, limerudisha mabega nyuma huku limeshika upinde. Ukiona mkao unaochekesha kwa mwanamume na unaoonekana wa kawaida kwa mwanamke, hapo umeshika mkia wa jambo lenyewe. Kitambaa hakijabadilika hata sentimita moja.

Mambo haya hayakuanza jana, na kwa bahati mbaya sehemu ya mwanzo wake imechorwa kwa jina la kwetu. Mwaka 1938, katika toleo la kwanza la Jumbo Comics, Wamarekani walimpokea Sheena, malkia wa msituni aliyebuniwa na Will Eisner na Jerry Iger. Ni msichana wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu aliyekulia katika misitu ya Afrika, na vazi lake ni kipande cha ngozi ya chui. Aliuza sana. Mwaka 1942 akapewa jarida lenye jina lake, na wachapishaji wengine wakamwaga sokoni wasichana wa msituni wa kila aina. Afrika ilikuwa kisingizio: huko kuna joto, huko ni porini, basi nani atauliza kwa nini amevaa vile? Sijawahi kumwona mwanamke wa Kigoma wala wa Kisangani akienda kuokota kuni na ngozi ya chui, lakini msomaji wa Chicago angejuaje? Na ukizigeuza kurasa hizo unakuta dharau ya pili. Mzungu anachorwa ili atamaniwe, Waafrika wanaomzunguka wanachorwa wajinga au washenzi, na mwanamke Mwafrika mwenyewe mara nyingi ni pambo la nyuma tu, asiye na jina.

Kuna watu hudhani dawa ni kuwapa wanawake kalamu. Inasaidia sana, ila peke yake haitoshi. Fiction House, kampuni iliyomchapisha Sheena, iliajiri wachoraji wanawake kadhaa miaka ya Vita Kuu ya Pili, akiwemo Lily Renée, na majalada yake yakaendelea kuwa yaleyale. Mchoraji huchora alichoagizwa.

Dawa nyingine iliyojaribiwa ni ile ya mama yule, ya kupima kitambaa. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu cha kushambulia katuni, na mojawapo ya picha alizozitumia ni jalada la Phantom Lady la mwaka 1948 lililochorwa na Matt Baker, Mmarekani mweusi na mmoja wa wachoraji bora wa enzi zake. Mwanamke amefungwa kamba, kifua mbele. Seneti ya Marekani ikafanya vikao, na wachapishaji kwa woga wakajitungia kanuni zao wenyewe. Kifungu kimoja kilitaka wanawake wachorwe kwa uhalisia, bila kutia chumvi sehemu yoyote ya maumbile yao. Ukikisoma leo unaweza kupiga makofi. Lakini vifungu vya aina hiyo vilihusu umbo na vazi. Havikuuliza mwanamke anafanya nini katika hadithi. Matokeo yake, miaka mingi iliyofuata shujaa wa kike alivaa vizuri na kazi yake kubwa ikawa kumsubiri shujaa wa kiume amwokoe, au kumwazia ndoa.

Halafu soko likahama. Kuanzia miaka ya 1970 katuni za Marekani zilianza kutoka kwenye vibanda vya magazeti, ambako dada na kaka walinunua pamoja, zikaingia kwenye maduka maalumu. Wateja wa maduka hayo kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume, na wengi walikuwa watu wazima. Mwenye duka akawa anaagiza kinachonunuliwa na watu wale wale. Kufikia miaka ya 1990 viuno vilikuwa vyembamba kuliko shingo, na kanuni za 1954 zilikuwa zimebaki mhuri mtupu. Marvel iliziacha mwaka 2001, na mshindani wake DC mwaka 2011. Kama unataka kujua kwa nini picha imechorwa hivi, uliza kwanza nani anatarajiwa kuinunua.

Nirudi Afrika Mashariki, maana yupo mhusika ambaye Wakenya wengi wanamdai kuwa wao. Ororo Munroe, au Storm, alitokea mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men nambari 1, kitabu cha kundi la mashujaa liitwalo X-Men, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba ni Mmarekani, na utoto wake aliupitia mitaa ya Kairo. Tunamkuta Kenya, watu wanamwomba mvua kama mungu wao, naye anatokea karibu uchi, nywele ndefu nyeupe zimepangwa kwa ustadi mkubwa mahali ambapo nguo ingepaswa kuwa. Kanuni za 1954 zilikuwa bado zinafanya kazi. Nywele ndizo zilizokuwa kitambaa! Na msitu wa Sheena haukuwa mbali: kwa wachoraji wale, Kenya bado ilikuwa mahali ambapo mwanamke hahitaji nguo.

Lakini mfuate Ororo miaka minane mbele. Mwaka 1983 mchoraji Paul Smith na mwandishi Chris Claremont walimnyoa pande zote za kichwa, wakamwachia kishungi katikati, wakamvika ngozi nyeusi. Vazi lile linabana, na mkono uko wazi. Mzazi wa kupima kitambaa angenuna vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii ndani ya hadithi yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kubadilika, wenzake wakashtuka, na kitendo kile kikawa na sababu na matokeo. Mwaka 1986, akiwa hata hana nguvu zake za kuamuru hali ya hewa, akamshinda mwenzake Cyclops kwenye pambano la kugombea uongozi wa X-Men. Mgongo wake uko wima, na uzito uko miguuni.

Mjadala huu uliwahi kuingia hadi Umoja wa Mataifa. Tarehe 21 Oktoba 2016, Wonder Woman, shujaa wa katuni aliyebuniwa mwaka 1941 na mwanasaikolojia William Moulton Marston na kuchorwa na Harry G. Peter, alitangazwa New York kuwa balozi wa heshima wa kuwawezesha wanawake na wasichana. Baadhi ya wafanyakazi wa Umoja huo wakasimama ukumbini wakaipa hafla mgongo. Waraka wa kupinga ukapata saini karibu 45,000. Ulilalamikia maumbile yasiyowezekana na vazi linaloacha mapaja wazi. Kabla mwaka haujaisha, ubalozi ukakoma.

Mimi nadhani waraka ule ulipima kitambaa kupita kiasi. Wonder Woman ana michoro mibaya mingi, ila anayo pia ambayo amesimama kama mtu mwenye kazi yake, na vazi ni lilelile. Uchungu wa wale waliogeuza migongo niliuelewa kwa njia nyingine. Mwezi huohuo wagombea 13, saba kati yao wanawake wa nyama na damu, walikuwa wamewania ukatibu mkuu, na nafasi ikaenda kwa António Guterres, mwanamume wa tisa mfululizo. Ukiwa umenyimwa kiti, kupewa mchoro kunauma, hata mchoro ungevaa baibui.

Yule mama hakuniachia kitabu. Nilimwomba amlete kijana badala yake, na Jumamosi akaja naye, kanuna, mikono mifukoni. Sikumhubiria. Nilimpa karatasi, nikamwonyesha jalada la kitabu chake kile, nikamwambia amchore shujaa wake wa kiume anayempenda katika mkao uleule, bila kubadilisha kitu. Alianza kwa kujiamini, kichwa, mabega, kifua cha mwanamume mwenye misuli. Alipofika kiunoni akasimama. Akageuza karatasi, akageuza kitabu, akainuka kwenye kiti akajaribu mwenyewe, mkono mmoja juu ya meza. Mama yake akaziba mdomo kwa kanga.

"Mwalimu, hapa hapazunguki," akasema.

Nikampa kifutio. Akaanza upya, safari hii kutoka miguuni.