Je, wajua kwa nini mwigizaji huvaa sare ya jeshi na mstaafu akakatazwa?

Maandamano yakinukia hapa Malindi, barazani huzuka swali lisiloisha, hasa pale penye mzee aliyewahi kulitumikia jeshi. Je, anaweza kuitoa kombati yake sandukuni, akaipiga pasi, akaivaa na kuingia barabarani pamoja na vijana wenye mabango? Wengi hujibu bila kufikiri sana: anaweza, tena ana haki kuliko mtu yeyote. Nguo ile aliilalia porini, akanyeshewa nayo, akazika wenzake akiwa ameivaa. Kama si yake, ni ya nani? Wengine hujibu kwa uchungu zaidi: hakatazwi ila kwa sababu wakubwa wanaogopa akisema watu watamsikiliza.

Jibu la sheria ni kwamba haruhusiwi. Lakini sababu yake haiko katika jibu lolote kati ya hayo mawili, na ukiifuatilia utakuta jambo la ajabu: sheria zilezile zinazomkatalia mwanajeshi mstaafu zimemfungulia mlango mwanafunzi anayeigiza mchezo wa kuigiza, ambaye hajawahi kushika hata bunduki ya mbao.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1894 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya sare. Ilimkataza mtu yeyote asiye katika utumishi wa jeshi kuvaa sare ya jeshi bila idhini, au nguo inayofanana nayo, au yenye alama zake. Humo humo ikawaachilia waigizaji wa jukwaani na wachezaji wa sarakasi. Mwaka uliofuata Waingereza walitangaza himaya yao Afrika Mashariki, ukanda huu wa Pwani ukiwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar, na baada ya muda kipengele cha aina hiyo kikaingia katika makoloni yao. Kenya kimo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Marekani wana sheria yao, yenye mantiki iyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Tunaitazama sare kama mali, kisha tunauliza ni mali ya nani. Sheria inaitazama kama kauli, na inauliza ni nani anayesema.

Chukua mwalimu mkuu aliyestaafu. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika barua, anazitia saini, kisha anagonga muhuri wa shule. Siku ya kuagwa anapewa cheti cha utumishi, anapigwa picha na wanafunzi, anaondoka kwa heshima zote. Muhuri unabaki kwenye droo ya ofisi. Hakuna anayeona kuwa amedhulumiwa, ingawa mkono wake ndio uliougonga muhuri ule mara nyingi kuliko mkono mwingine wowote. Sasa tuseme aliondoka nao. Uchaguzi unafika, anaandika barua ya kumpinga mgombea mmoja wa ubunge. Kila neno ni la kweli na kila hoja ina ushahidi. Mwishoni anagonga muhuri. Atakayeisoma ataelewa kwamba shule imesema. Walimu waliopo kazini, ambao wana maoni yao tofauti na hawaruhusiwi kuyatoa kwa jina la shule, wamesemewa bila kuulizwa. Ukweli wa barua hauliponyi kosa hilo, wala miaka yake darasani haiponyi. Kwa kweli miaka ile ndiyo inayofanya muhuri uaminike zaidi. Lakini barua hiyo hiyo akiitia saini tu, akaandika chini ya jina lake "mwalimu mkuu mstaafu" na kuambatisha nakala ya cheti chake, hapo amesema yeye mwenyewe, na hakuna chembe ya uzoefu wake iliyopotea.

Kombati ndiyo muhuri. Nishani ndizo cheti.

Iangalie shati la kombati kwa karibu na utaliona hilo. Kuna bendera, kuna alama ya kikosi, kuna cheo, na rangi za mabaka zinazomfanya askari mmoja asitofautiane na mwenzake. Kitu kimoja tu pale humtaja mtu, nacho ni kile kitambaa kidogo chenye jina, ambacho hatua kumi mbele huwezi kukisoma. Nguo nzima imeshonwa ili mvaaji asionekane kama mtu mmoja. Nishani ni kinyume chake. Kila moja alipewa mtu fulani kwa jambo fulani alilofanya au mahali fulani alipotumikia, na akistaafu anaondoka nazo.

Ndiyo maana lile dai kwamba sheria inamnyamazisha mstaafu halisimami. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Mstaafu yumo katika "kila mtu". Asiye huru ni yule aliye bado kambini, kwa kuwa Ibara ya 239 inavikataza vyombo vya usalama wa taifa kuegemea upande wowote au kuendeleza maslahi ya chama cha siasa. Sare ya mstaafu ikiingia kwenye maandamano, anayevutwa kwenye siasa ni kijana aliye lindoni, ambaye kanuni zimemfunga mdomo na hawezi kusimama aseme, "Huyo mzee hanisemei mimi."

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kubandua jina na cheo na kubakiza shati tupu. Haisaidii. Sheria inataja pia nguo yenye sura ya sare, na macho ya watu barabarani huona rangi kabla ya kuona beji. Mwaka 2007 Adam Kokesh, aliyekuwa amepigana Iraq katika kikosi cha wanamaji wa Marekani na wakati huo akiwa katika jeshi la akiba, aliandamana Washington kupinga vita akiwa amevaa kombati aliyoitoa jina na alama. Jopo la kijeshi lilimchukulia hatua na kupendekeza aondolewe katika akiba kwa hadhi iliyo chini ya ile ya heshima kamili. Kanuni za wizara ya ulinzi ya nchi ile ziko wazi: sare haivaliwi kwenye maandamano au mikutano ya hadhara pale inapoweza kuonekana kwamba jeshi limeunga mkono jambo hilo, na waliostaafu wametajwa humo. Siku nyingine mlango uko wazi zaidi. Afisa mstaafu anaweza kuvaa sare ya cheo chake kwenye sherehe zinazostahili.

Na mwigizaji je? Kisa chake ni kitamu na kinastahili kusimuliwa. Tarehe 4 Desemba 1967, mjini Houston, Marekani, Daniel Schacht na mwenzake walisimama mbele ya kituo cha kuandikisha askari wakiwa na nguo za jeshi. Mtu wa tatu alivaa kama mpiganaji wa Vietnam. Wale wawili walikuwa na bastola za maji, na walipofyatua, maji mekundu yalimrukia yule wa tatu akaanguka kama aliyekufa. Kisha wakamwendea, wakaonyesha kushtuka kwamba waliyempiga ni mwanamke mjamzito. Wakaurudia mchezo huo mara kadhaa. Schacht alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya dola 250. Sheria ilikuwa inamruhusu mwigizaji kuvaa sare kwa sharti kwamba uigizaji wake usilivunjie jeshi heshima. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu, uamuzi ukiandikwa na Jaji Hugo Black, ilimwachilia. Ilisema mchezo wa barabarani nao ni mchezo, na kwamba sharti lile linavunja uhuru wa kusema, maana linamwacha huru anayelisifu jeshi na kumfunga anayelikosoa. Lakini mahakama hiyohiyo haikuligusa katazo lenyewe. Kuvaa sare bila idhini kulibaki kosa.

Ukikumbuka habari ya muhuri, tofauti inaeleweka. Mtazamaji wa mchezo anajua anatazama mchezo. Hakuna anayetoka ukumbini akidhani Wizara ya Ulinzi imetoa tamko. Mstaafu kwenye maandamano haigizi, na hapo ndipo shida ilipo: kwa sababu anaaminika, kauli ya sare yake inaaminika pia.

Sitasema sheria hizi hutumika kwa haki kila mahali. Uganda, Septemba 2019, serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba bereti nyekundu ni vazi la jeshi. Ilikuwa ndiyo kofia ya wafuasi wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani. Kipengele kilichowekwa ili kuliepusha jeshi na siasa kikatumika ndani ya siasa, na hilo ni jambo la kuliangalia kwa makini popote. Afrika Kusini nako mambo yalikwenda upande mwingine. Kwa miaka mingi wanachama wa chama cha wapiganaji wa zamani wa uMkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC lililopigana na utawala wa ubaguzi wa rangi, walijitokeza na kombati kwenye shughuli za ANC, tena wakiegemea mrengo mmoja wa chama hicho, na wakosoaji wakauliza mbona baadhi yao ni vijana wasioweza kuwa walipigana vita vile. Nguo ikishageuka bango la kisiasa, yeyote anaweza kuivaa, na mpiganaji wa kweli ndiye anayepoteza.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine isiyo ya nadharia. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, serikali ilitangaza kuwa wanajeshi wa KDF wangewasaidia polisi. Siku zilizofuata baadhi ya vijana barabarani waliwashangilia wanajeshi wale, wakiwaona tofauti na polisi. Maandamano yalikuwa yameenea miji mingi, Pwani ikiwemo. Weka mzee mmoja mwenye kombati katikati ya umati wa wiki ile. Vijana wangeamini jeshi limehamia upande wao, na polisi naye angelazimika kuamua katikati ya moshi wa vitoa machozi kama aliye mbele yake ni mwanajeshi, mwigaji au adui. Uamuzi kama huo hufanywa kwa nukta chache, mkono ukiwa kwenye bunduki.

Ukivuka kwenda Lamu, jambo hilo ni zito maradufu. Tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015, watu wa kule wamejifunza kumtazama mara mbili mtu wa mabaka wasiyemjua. Mtu asiye kazini kuvaa kombati Lamu kunawatia hofu majirani zake, hata nia yake ikiwa njema. Na Lamu imeonyesha kwamba sauti hupatikana bila nguo hiyo. Wakaazi waliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe waliandamana wakiwa kama wavuvi na wanavijiji, wakaenda mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na Juni 2019 kibali cha mradi kikafutwa.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili naiheshimu. Wapo wanaosema: sawa, siasa za vyama tuziache, lakini je, mstaafu anapodai haki yake mwenyewe, pensheni au matibabu, hapo sare haifai? Dai lenyewe limetokana na utumishi. Tarehe 28 Februari 1948, mjini Accra, wanajeshi wa zamani waliopigania Uingereza, wengi wao Burma, waliandamana bila silaha wakimpelekea Gavana malalamiko kuhusu ahadi zilizovunjwa. Walisimamishwa njiapanda ya Christiansborg na kupigwa risasi. Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey wakafa. Ghana inawakumbuka mpaka leo kwa vyeo vyao. Basi utumishi una haki ya kuonekana, na nakubali kabisa. Ninachokataa ni kwamba lazima uonekane kwa kombati.

Aprili 1971 wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam walikwenda Washington wakiwa na majaketi ya vitani yaliyochakaa. Lakini kilichoitikisa nchi ile hakikuwa majaketi. Walipanga foleni mbele ya Bunge, mmoja mmoja akakaribia kipaza sauti, na akaitupa nishani yake ngazini. Walikitupa kitu ambacho kilikuwa chao, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba wanamsemea mtu mwingine.

Kwa hiyo mzee wa Malindi anayetaka kutoka atoke. Koti la kawaida, suruali iliyopigwa pasi, nishani zote upande wa kushoto wa kifua, bango lenye jina lake, cheo chake cha zamani na neno "mstaafu". Waandalizi wawe wamepeleka taarifa kituo cha polisi angalau siku tatu kabla, kama Sheria ya Utulivu wa Umma inavyotaka, na karatasi zake za kuachiwa jeshi ziwe mfukoni endapo ataulizwa. Kofia ya mabaka ibaki nyumbani. Na kama mzee mwenyewe amefariki, kuna desturi iliyotoka jeshi la Waingereza inayomfaa mjane au mtoto anayetaka kuandamana kwa ajili yake: nishani zile zile huvaliwa upande wa kulia, ili anayejua ajue kwamba mvaaji si aliyezipata bali ni wa nyumba yake.