Magari ya shambani yaliyowashinda makabaila

Ukitaja gari la vita la kale, wengi hukumbuka Farao na kile kigari chake cha magurudumu mawili. Katika miaka yangu ya kusoma historia ya vita, gari linalonishangaza zaidi ni la mkulima: magurudumu manne, mbao nene, la kubebea nafaka na samadi huko Bohemia, Ucheki ya leo.

Mwaka 1415 mhubiri Jan Hus alichomwa moto mjini Konstanz. Wafuasi wake waliasi, na Mfalme Sigismund akawajia na majeshi ya vita vya msalaba. Waasi hao wengi walikuwa wakulima na mafundi. Farasi wa vita hawakuwa nao wa kutosha, deraya ndiyo kabisa. Magari, lakini, yalikuwepo tele.

Jan Žižka, kamanda mwenye jicho moja, aliyageuza ngome. Yalipangwa bega kwa bega, gurudumu likafungwa kwa gurudumu kwa minyororo, na farasi wakafunguliwa na kuingizwa ndani. Upande wa adui waliongeza ubao mzito, na mwingine chini ya gari ili mtu asipenye kwa kutambaa. Kila gari lilikuwa na kikosi chake cha watu kama 20: wenye pinde, wenye bunduki za awali, wenye mikuki, na wenye fimbo za kupuria nafaka zilizotiwa vyuma (silaha ya kutisha kuliko inavyosikika). Katikati ya magari walitegesha mizinga midogo.

Kabaila juu ya farasi akifika hapo, kasi yake yote imekufa. Farasi hawezi kuruka gari, mkuki haufikii kitu, na juu wanamfyatulia. Adui akishachoka, ngome hufunguliwa na waliomo hutoka kummaliza.

Lakini hesabu hiyo inataka adui aje mwenyewe. Ngome ya magari haimkimbizi mtu. Ndiyo maana huko Sudoměř, Bohemia, Machi 1420, Žižka akiwa na watu wapatao 400 na magari 12 tu, alijipanga kando ya mabwawa ya samaki, adui akakosa njia nyingine ya kumfikia. Na makabaila walikuja, hapo na kwingine, kwa sababu kumsubiri mkulima waliona ni aibu. Kwa maoni yangu, kiburi hicho kilimsaidia Žižka kuliko baruti.

Kusini mwa Afrika mbinu hiyohiyo iliwaokoa Makaburu dhidi ya Wazulu kwenye mto Ncome mwaka 1838. Waingereza walikuwa na magari yao Isandlwana mwaka 1879, hawakuyazungusha kambi, na Wazulu wakaua zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza.

Žižka alifariki mwaka 1424. Miaka kumi baadaye, Mei 30, 1434, pale Lipany, jeshi lake la zamani chini ya kamanda Prokop lilipambana na Wahus wenzao wa msimamo wa wastani walioungana na Wakatoliki. Hawa nao walikuwa na magari, na mbinu waliijua ndani nje. Walijifanya wanakimbia. Watu wa Prokop wakafungua ngome kuwafukuza, na wapanda farasi waliofichwa wakaingia katikati, wakawatenga na magari yao. Prokop aliuawa siku hiyo.