Waethiopia na Wahungaria wa Marekani: picha ya nguzo mbili na kinachofichwa
Katika makundi ya kwenye simu huzunguka picha ya chati ya nguzo mbili, ndefu ya Wahungaria na fupi ya Waethiopia waishio Marekani, ikidai kwamba tofauti ya kipato cha kaya inaonyesha taifa lipi lina bidii zaidi. Tofauti ya kipato inaweza kuwepo. Hitimisho ndilo lisilo sahihi.

"Wahungaria" hao kwa kawaida ni kila anayejitaja kuwa na asili ya Hungaria, na wengi ni vitukuu vya waliofika kabla ya 1914 kufanya kazi katika migodi ya Pennsylvania na viwanda vya Cleveland, wakifuatiwa na wakimbizi wa 1956, waliokimbia baada ya Wasovieti kuzima uasi wa Hungaria. Waethiopia wengi walifika baada ya mapinduzi ya 1974, hasa baada ya sheria ya wakimbizi ya Marekani ya 1980, na baadaye kwa bahati nasibu ya viza. Analinganishwa, basi, mzaliwa wa Ohio aliyerithi nyumba na dereva wa teksi wa Washington ambaye shahada yake ya Addis Ababa haijatambuliwa.

Anayetaka kuhakiki asome maandishi madogo chini ya jedwali la sensa: limehesabu asili, au mahali pa kuzaliwa? Jina "Wahungaria" au "Waethiopia" hutumika kwa yote mawili, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kisha atazame umri, elimu, miaka ya kukaa nchini na idadi ya wanaofanya kazi katika kaya (hili husahaulika mno). Ujumbe usiotaja hayo tafadhali usiusambaze, hata ukitumwa na ndugu unayemheshimu.