Gamba Moja Linatosha

Saa nne asubuhi nyundo zote zilinyamaza kwa pamoja. Mvulana wa miaka kumi na miwili, aliyekuja na baba yake, alikuwa amesimama katikati ya mteremko wa machimbo akiwa amekumbatia bamba la jiwe pana kama sinia. "Mwalimu, samaki! Mkubwa!" Tulimkimbilia sote. Juu ya lile jiwe palikuwa na maumbo ya almasi, safu kwa safu za mshazari, yamepangika kama msuko wa mkeka. Ungeapa kwamba ni ngozi ya samaki.

Lilikuwa gome la mti.

Nilimwambia asione haya, maana walioingia mtego huo kabla yake ni wengi. Katika karne ya 19 mabamba ya namna hiyo yalizungushwa kwenye maonyesho, na watu wakaambiwa wanatazama ngozi za majoka. Mti wenyewe unaitwa Lepidodendron, na hata jina hilo la Kigiriki maana yake ni "mti wa magamba". Kila almasi ni kovu, yaani mahali jani liliposhika kabla ya kudondoka. Ukichukua lenzi utaona katikati ya kovu kuna kidoa kidogo, na hapo ndipo mshipa wa maji ulipopita kuingia kwenye jani. Samaki hana kitu kama hicho. Miti hiyo ilipanda mita 30 na zaidi. Jamaa zake waliobaki leo ni vijimimea ambavyo wengi wetu huvikanyaga bila kuvitambua.

Kazi yangu ni mimea ya kale, lakini mara chache kwa mwaka huandamana na wachimbaji wa ridhaa, watu wanaotoa Jumamosi yao kupasua mawe bila kulipwa, wakitafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Siku hiyo tulikuwa kwenye matabaka ya kipindi cha Kaboniferasi, yenye umri wa miaka milioni 310 hivi, enzi za vinamasi vilivyokuja kuwa makaa ya mawe. Na kila mmoja alikuja na picha ileile kichwani: samaki mzima, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, amelala ubavu kwenye jiwe la rangi ya maziwa.

Picha hiyo najua walikoitoa. Ni Knightia, samaki mdogo wa ukoo unaokaribiana na dagaa, anayetoka kwenye mashapo ya ziwa la kale huko Wyoming, Marekani. Ana umri wa miaka milioni 50 na kidogo, na ni mwingi kiasi kwamba yapo machimbo ambako mgeni hulipa kiingilio, akapewa nyundo na patasi, na jioni akarudi na samaki wake. Sina ugomvi na Knightia, ila naona amewaharibu wachimbaji. Mtu aliyemzoea yeye hutupa vipande ambavyo mimi ningevifungia safari ya siku nzima.

Samaki mzima anahitaji bahati nyingi zilizofuatana. Samaki akifa kwenye maji ya uvuguvugu, bakteria tumboni huzalisha gesi, naye huvimba na kuelea. Akiwa juu huko huoza taratibu. Taya hudondoka hapa, mapezi pale, magamba hunyesha kwenye tope la chini kama manyunyu. Ili abaki mzima, azame mapema na asipande tena, atue mahali ambapo hakuna mkondo wa kumburuta, pasipo na oksijeni ya kutosha kwa kaa na minyoo wa kumtafuna, kisha matope laini yamfunike kabla hajafumuka. Jani nalo lina safari yake: huanguka, huelea, hulowa maji, huzama, na likitua mahali penye misukosuko huchanikachanika. Ndiyo maana mimi, mtu wa majani, ninaweza kuwasaidia watu wa samaki. Penye jani kamili lenye ncha zake zote, maji yalikuwa yametulia. Tulia hapo na wewe.

Kwa hiyo kabla ya kupiga jiwe, lisome. Jiwe lenye chembe za mchanga zinazokwaruza kidole lilitokana na maji yenye nguvu. Humo utapata vipande vya magogo na mifupa minene iliyosagika, basi. Jiwe laini kama sabuni kavu, linalobanduka kurasa kwa kurasa, lilikuwa tope la maji tulivu. Rangi nayo inasema. Wekundu ni chuma kilichopata oksijeni, na oksijeni ni adui wa majani. Kijivu, kijani cha kufifia na weusi ni dalili kwamba oksijeni ilikuwa haba na mabaki yaliponea. Mfano ninaoupenda ni Red Hill, huko Pennsylvania, ukuta wa mwamba uliofunuliwa barabara ilipokatwa. Jina lenyewe ni "kilima chekundu", na wekundu upo kweli, lakini majani na sehemu kubwa ya mifupa maridadi hutoka kwenye tabaka la kijivu-kijani lililobanwa humo ndani. Mnyama wa miguu minne aitwaye Hynerpeton, aliyepewa jina mwaka 1994, alitoka kwenye ukuta huohuo, na ana umri wa zaidi ya miaka milioni 360.

Kuhusu kupiga kwenyewe sina mengi. Miwani ya kukinga macho, kila mtu, hata anayetazama tu. Usikae chini ya mwamba unaoning'inia. Ruhusa ya mwenye ardhi ipatikane kabla ya safari, na sheria za visukuku za mahali hapo zijulikane, kwani kwingine hata kokoto yenye gamba ni mali ya umma. Simamisha bamba kwa ubavu, weka patasi kwenye mstari wa tabaka, gonga kidogo, sogeza, gonga tena. Anayetwanga kama anavunja kokoto za ujenzi hupata kokoto za ujenzi.

Jiwe likishafunguka ndipo watu hukosea. Hutazama juujuu kwenye jua la utosi, wasione kitu, wakatupa. Liinamishe jiwe hadi mwanga upite juu yake kwa ubavu. Jani litaonekana kama utando mweusi usio na mng'ao, mwembamba kuliko karatasi, na baadhi hubanduka jiwe likikauka, kwa hiyo lifunike kwa gazeti haraka. Gamba la samaki linang'aa. Samaki wengi wa enzi hizo walivaa magamba manene ya pembe nne, yaliyofunikwa kwa aina ya enameli iitwayo ganoini na kushikana kama vigae, na baada ya miaka milioni mia tatu bado yanametameta kama kucha iliyopakwa rangi. Ukitaka kuyaona kwa samaki aliye hai, mtazame Polypterus wa mito na maziwa ya Afrika. Na ukibahatika kupata mkia, angalia uti wa mgongo unakokwenda: kwa wengi wao unapinda juu na kuingia kwenye pezi la juu, kama wa papa.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nipaze sauti machimboni, na sipazi sauti ovyo. Jiwe likipasuka linatoa pande mbili, kama muhuri na chapa yake. Chukua zote mbili. Miaka mingi nyuma, nikiwa mwanafunzi, nilipasua jiwe nikapata shina dogo lenye majani, nikachukua upande uliopendeza na kuuacha mwingine kwenye lundo kwa sababu begi lilikuwa zito. Maabara nikagundua kwamba vifuko vya mbegu vumbi, yaani vya spora, vilikuwa vimebaki kwenye upande nilioutupa. Kwangu palikuwa na vishimo vyake tu. Nilirudi wiki iliyofuata. Mvua ilikuwa imelifanya lundo lote tope.

Mimea ya kale ina adabu mbaya ya kutufikia vipandevipande, na kila kipande hupewa jina lake. Mizizi ya ile miti ya magamba huitwa Stigmaria, shina Lepidodendron, koni Lepidostrobus, kana kwamba ni mimea mitatu. Palikuwa pia na majani yaitwayo Archaeopteris, yaliyodhaniwa ni ya kangaga, na magogo yaitwayo Callixylon, yaliyofanana na mbao za misonobari. Mwaka 1960 mtaalamu wa mimea ya kale, Charles Beck, alionyesha kisukuku kimoja ambacho majani yale yameshikana na gogo lile. Mmea mmoja! Mti wenye mbao za kisasa unaozaa spora kama kangaga. Kisukuku hicho kingepasuka vibaya, au mtu angechukua jani na kuliacha gogo kwa sababu ni baya, tungeendelea kudanganyika.

Ndiyo maana nasisitiza pia lebo. Andika tabaka gani, umbali gani kutoka tabaka linalotambulika, upande upi ulikuwa juu, tarehe. Kisukuku kisicho na anwani ni pambo la kabati. Msifikiri hii ni kazi ya maprofesa peke yao. Huko Scotland karne ya 19, Hugh Miller, aliyetuachia habari za samaki wa kale waliofunikwa kwa mabamba ya mfupa kama mashujaa wa vita waliovaa chuma, alianza kama mwashi, na mmoja wa waliompelekea visukuku alikuwa Robert Dick, mwoka mikate wa mji wa Thurso. Alioka usiku, akatembea maili kwa maili mchana.

Saa tisa hivi, fundi cherehani mmoja aliyekuja kwa mara ya kwanza alikuwa akirusha mabaki yake pembeni nikamshika mkono. "Hili ni takataka, dada," aliniambia, "kuna donge tu." Nikaliinamisha jiwe kwenye mwanga. Donge lilikuwa na urefu wa kidole gumba, rangi ya kahawia, limefura katikati na kuchongoka upande mmoja. Ndani yake, palipopasuka, kulikuwa na magamba ya pembe nne zaidi ya ishirini, yamesongamana huku na huku bila mpangilio, baadhi yamevunjika. Lilikuwa limelalia kipande cha kuti la mmea wa mfano wa kangaga, vijijani vyake vyote vikiwa bado vimeshika.

"Ni kinyesi," nikasema, na watu wote wakacheka isipokuwa yeye.

Vitu hivyo vina jina la heshima, koprolaiti, alilolitunga mwanajiolojia William Buckland mwaka 1829, na mimi nisingelibadilisha donge lile kwa Knightia kumi. Hebu lisomeni nami. Magamba yamesongamana, maana yake samaki yule aliliwa. Hakuoza peke yake. Aliyemla alikuwa na mdomo wa kumtosha, ingawa hatujaona hata jino lake moja. Donge halikusambaratika, na kuti lililo chini yake halikuchanika, kwa hiyo maji pale yalitulia kabisa, na tope lilifika upesi. Jiwe la ukubwa wa kiganja limetupa mwindaji, windo, mmea wa ukingoni na hali ya maji ya siku ile.

Tulizifunga pande zote mbili kwa gazeti. Aliandika lebo mwenyewe, kwa mwandiko mdogo uliopangika kama mshono, na pale penye neno "aina" akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike alichokiona: donge, magamba, kuti. Majina yatakuja.

Mvulana alikuwa ameketi juu ya gome lake, akitusikiliza. "Na aliyemla yuko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha tabaka jeusi mita mbili juu ya vichwa vyetu, ambalo siku nzima hakuna aliyeligusa. Baba yake akatazama saa.