Parkinson: waya ya kwa ubongo itamrudishia mzee miguu?

Wengi wananiuliza juu ya ile operesheni ya kuweka waya kwa ubongo, hasa wale wako na mzee nyumbani ambaye anaanguka anguka. Wacha nijibu.

Kwanza, si hii ni buko?

Hapana. Huku Buganda mtu akianza kutetemeka bado kuna watu wanasema amevunja mwiko na mkwe wake, eti ni buko, na mgonjwa anafichwa chumbani miaka mingi. Parkinson ni seli za ubongo zinakufa pole pole, zile zinatengeneza dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea), ndio maana mwili unakuwa mzito na hatua zinakuwa fupi fupi. Mkwe hahusiki kabisa, wala haiambukizi.

Hiyo waya inafanya nini?

Daktari anatoboa fuvu, anapitisha waya nyembamba mpaka ndani sana kwa ubongo, alafu inapita chini ya ngozi hadi kwa kimashini cha beteri kifuani ambacho kinatuma umeme mdogo, kawaida kama mara 130 kwa sekunde. Madaktari Benabid na Pollak ndio walianzisha hii njia Grenoble, Ufaransa, 1987. Haiponyi, ugonjwa unaendelea tu.

Sasa mzee atatembea?

Hapa naomba msome pole pole. Muangalie mzee wakati levodopa, ile dawa ya Parkinson anayomeza, imeshika vizuri. Kama hapo anatembea, anainuka kwa kiti mwenyewe, na ni dawa ikiisha ndio anakwama mlangoni miguu kama imegandishwa chini, huyo waya inaweza kumsaidia sana, kwasababu inafanya ile kazi ya dawa lakini mchana na usiku bila kupanda na kushuka. Lakini kama dawa imeshika na bado anaanguka kinyumenyume, bado anakwama, usitegemee waya itamaliza hiyo. Kutetemeka tu ndio tofauti, waya inaweza kutuliza kutetemeka hata pale dawa imeshindwa. Madaktari wanapima hivi: mzee analala bila dawa, asubuhi wanamuangalia akitembea, wanampa dozi, wanamuangalia tena. Nimeona familia imeuza ploti ikampeleka mzee India, amerudi mkono umetulia lakini bado anaanguka vile vile, na hakuna mtu alikuwa amewaeleza hii kitu. Inaniuma sana.

Inaweza kumuumiza?

Ndio. Damu inaweza kuvuja kwa ubongo, si mara nyingi lakini ni hatari, infeksheni pia ipo, na sauti inaweza kufifia. Wengine balansi inazidi kuharibika mpaka mashini irekebishwe, kwa mfano kushusha ile 130 mpaka 60 hivi, hapo kukwama kunaweza kupungua ingawa kutetemeka pengine kunarudi. Kwahivyo kabla hujalipa uliza: tukirudi Uganda, nani atakuwa anarekebisha hii mashini, na beteri ikiisha baada ya miaka michache tutaenda wapi?

Na kama hafai operesheni?

Dawa apewe saa zile zile kila siku, nusu saa hivi kabla ya kula, kwasababu protini ya maharagwe, nyama na maziwa inaizuia kuingia vizuri (kama inamchafua tumbo, kipande kidogo cha muhogo hakina shida). Msiikatize ghafla hata siku moja.

Akikwama msimvute mkono, mtamuangusha. Asimame, ahamishie uzito kwa mguu mmoja, alafu apige hatua kubwa. Jirani yangu hapa Bombo ni mwanajeshi mstaafu, mke wake anamhesabia tu "kushoto kulia, kushoto kulia" na miguu inaachia. Pia bandikeni tepu za rangi sakafuni pale mlangoni, kila mstari auvuke kwa hatua. Kugeuka azunguke pole pole kama gari kwa raundabauti, asijipinde pale pale. Toeni mikeka inayoteleza, wekeni taa ya njia ya choo, na huko chooni mpigilie mti imara wa kushika kwa ukuta, wengi wanaangukia hapo usiku.