Kutia kiraka methodi programu ikiwa kazini

Ukisimama kwenye gati la Mokowe ukaita "Nahodha!", atakayeitika ni yule aliyeshika usukani wakati huo. Wakipokezana usukani boti ikiwa njiani kuelekea Lamu, injini haizimwi wala abiria hashuki. Jina ni lile lile, aliyebadilika ni mtu.

Methodi katika Python, lugha ya kuandikia programu, ni vivyo hivyo. Kitu, kwa maana ya waandishi wa programu, ni data pamoja na kazi zake, na kila kazi ndiyo methodi. Jina la methodi huelekeza tu kwenye kipande cha msimbo, na lugha hulitafuta upya kila linapoitwa. Ukilielekeza kwingine, na huko ndiko kutia kiraka, mwito unaofuata utakwenda huko, hata kwa vitu vilivyokwisha kuundwa.

Tuseme darasa la Boti, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya aina hiyo, lina methodi "ondoka" inayokokotoa jumla ya nauli. Twataka pia iandike saa ya safari:

    zamani = Boti.ondoka

    def mpya(self, abiria):
        andika_saa(self.jina)
        return zamani(self, abiria)

    Boti.ondoka = mpya

Ya zamani haikufutwa. Mpya imesimama mbele yake, inaandika saa, kisha inampa mwenzake kazi. Wazo hili ni la kale: Warren Teitelman alilieleza katika tasnifu yake ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1966, akaliita kuishauri kazi. Jina zuri sana, maana mshauri hamfukuzi mwenye kazi.

Liangalie vizuri neno "return", linalomrudishia jibu aliyeita. Nilipofanya hivi mara ya kwanza, kwenye programu ya ofisi moja ya boti, nililisahau. Saa ziliandikwa sawasawa, lakini stakabadhi zikatoka hazina nauli, na karani ananipigia simu huku abiria wamepanga foleni juani. Ya zamani ilikuwa imehesabu vyema, jibu lake likaishia mikononi mwa mpya.

Hatari nyingine ni kuendesha mistari ile mara mbili. Safari ya pili, jina "zamani" linaelekezwa kwenye "mpya" ya kwanza, nayo ndani yake inaita "zamani", yaani inajiita yenyewe. Python huikatiza ikifika kina cha miito 1000 hivi, kikomo chake cha kawaida. Dawa ni kuyafunga yote ndani ya kazi moja ili kila kiraka kishike "zamani" yake. Hapo ukirudia, saa itaandikwa mara mbili, lakini programu haitaanguka.

Ruby, lugha nyingine ya programu, hukuruhusu kuvitia viraka hata vitu vya msingi kama namba na maandishi. Python hukataa, nami naona inafanya vyema. Na kiraka hiki kinakaa kwenye kumbukumbu tu. Umeme ukikatika programu ikaanza upya, "ondoka" itarudi ilivyokuwa, kwa hiyo jioni ile ile kiandike kwenye faili lenyewe la programu.